Mtu Mashuhuri Mbele ya Sheria: Upendeleo Huanzia Wapi

Tarehe 3 Oktoba 1995 mamilioni ya watu waliacha shughuli zao ili wasikie uamuzi wa shauri la O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani aliyeshtakiwa kwa kumuua Nicole Brown Simpson, aliyekuwa mkewe, pamoja na Ronald Goldman. Jopo la raia lililosikiliza shauri hilo lilimwachia huru, na tangu siku hiyo karibu kila mjadala kuhusu watu mashuhuri na sheria hurudi kwenye chumba kile cha mahakama cha Los Angeles. Kwa maoni yangu, mjadala huo umekuwa ukitazama siku isiyo yenyewe. Anayetaka kuelewa jinsi umaarufu unavyompa mtu nafuu mbele ya vyombo vya dola anapaswa kurudi nyuma hadi alfajiri ya tarehe 1 Januari 1989, polisi walipoitwa nyumbani kwa Simpson na kumkuta mkewe amepigwa. Askari aliyefika alfajiri hiyo alieleza mahakamani mwaka 1995 kwamba mwanamke huyo alilalamika kuwa polisi walikwisha kufika hapo mara nane na hakuna walichomfanya mumewe. Safari hiyo shauri lilifunguliwa. Simpson hakulipinga shtaka, akapewa kifungo cha nje cha miaka 2, saa 120 za huduma kwa jamii, na ushauri nasaha ambao aliruhusiwa kuupata kwa njia ya simu.

Hakuna hongo inayotajwa katika habari hiyo, wala hakimu aliyenunuliwa. Kama malalamiko ya mwanamke yule yalikuwa ya kweli, kulikuwa na askari waliofika, wakazungumza na mwenye nyumba ambaye nchi nzima ilimjua kwa sura, kisha wakaondoka. Dai langu katika makala haya linaanzia hapo: nafuu kubwa ya mtu mashuhuri hupatikana mapema, katika hatua ambazo hazina kamera wala mwandishi wa habari, na mara nyingi hupatikana bila mtu yeyote kuvunja sheria. Kadiri shauri linavyosogea kuelekea mahakama ya wazi, ndivyo nafuu hiyo inavyopungua, na wakati mwingine hugeuka kuwa mzigo kwa yule yule aliyeifaidi.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, inafaa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya wanaposema kwamba fulani amependelewa. La kwanza ni fedha, ambazo hununua muda na ujuzi: wakili asiye na mashauri mengine mia mezani, mtaalamu wa kupinga vipimo vya maabara, mpelelezi binafsi wa kutafuta mashahidi. La pili ni kujuana, yaani uwezo wa kumfikia kwa simu mtu ambaye mwananchi wa kawaida hata jina lake halijui. La tatu ni umaarufu wenyewe, ambao hufanya kazi ndani ya akili za watu. Humfanya mlalamikaji aamini kwamba hataaminiwa, humfanya askari asite, na humfanya mwendesha mashtaka aone mbele yake aibu ya kushindwa hadharani. Mtu anaweza kuwa na kimoja asiwe na vingine. Mwanamuziki aliyefilisika ana jina lakini hana wakili wa maana, na tajiri asiyejulikana ana mawakili kumi lakini hana mashabiki watakaomtukana anayemshtaki. Tofauti hii ina uzito kwa sababu dawa ya kimoja haitibu kingine.

Umaarufu peke yake huonekana wazi zaidi katika hatua ya kwanza kabisa, yaani lalamiko. Jimmy Savile alikuwa mtangazaji wa redio na televisheni nchini Uingereza kwa miongo mingi, mchangishaji wa fedha za hospitali, mtu aliyepewa cheo cha heshima na malkia. Alifariki Oktoba 2011 bila kushtakiwa kwa kosa lolote la ngono. Ripoti ya pamoja ya polisi na shirika la kutetea watoto iliyotolewa Januari 2013 ilieleza kwamba watu wapatao 450 walikuwa wamejitokeza kutoa taarifa dhidi yake, wengi wao wakiwa walidhulumiwa walipokuwa watoto.

Jambo la kutazama kwa makini ni lile lililotokea akiwa bado hai. Kati ya mwaka 2007 na 2009 polisi wa Surrey walikuwa na malalamiko ya watu watatu dhidi yake, na polisi wa Sussex walikuwa na lalamiko la mtu mmoja. Tarehe 1 Oktoba 2009 wapelelezi walimhoji Savile, tena hawakumwita kituoni. Walimfuata katika ofisi aliyokuwa nayo kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, mahali ambapo yeye ndiye alikuwa mwenyeji na wao wageni. Mahojiano hayakufika saa moja. Yalipochapishwa miaka minne baadaye, kila mtu aliweza kusoma jinsi mhojiwa alivyokuwa akiyaongoza mazungumzo, akiwakumbusha wapelelezi kwamba ana marafiki polisi na kwamba ana desturi ya kuwafikisha mahakamani wanaomchafulia jina. Jalada likafungwa.

Mwanasheria Alison Levitt, aliyepewa kazi ya kuchunguza uamuzi huo kwa niaba ya ofisi ya mwendesha mashtaka, aliandika mwaka 2013 kwamba mashtaka yangeweza kufunguliwa iwapo polisi na waendesha mashtaka wangelishughulikia suala hilo kwa namna tofauti. Sababu aliyoitaja ni nyepesi kiasi cha kuumiza. Kila mmoja wa walalamikaji alisita kusimama mahakamani akidhani yuko peke yake, na hakuna aliyewaambia kwamba wapo wengine wenye malalamiko yanayofanana. Hakukuhitajika njama yoyote. Ilitosha kwamba kila mwanamke aliachwa apime nguvu zake peke yake dhidi ya jina lile, na kwamba wapelelezi waliyapima maneno ya kila mmoja kwa tahadhari ambayo Levitt aliiona imepita kiasi na haikuwa na msingi.

Fedha zinapoungana na umaarufu katika hatua hii, huzaa mikataba ya kunyamaza. Mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein alikuwa akilipa fidia kwa makubaliano yaliyowafunga walalamikaji midomo, na utaratibu huo uliendelea kwa miaka mingi hadi waandishi wa habari walipoufichua Oktoba 2017. Makubaliano ya namna hiyo ni halali katika shauri la madai, na mara nyingine mlalamikaji mwenyewe huyapendelea kwa sababu hataki kesi ndefu. Lakini athari yake kwa haki ya jinai ni kwamba mlalamikaji wa pili, wa tatu na wa kumi hawapati kamwe kujua habari za wa kwanza, na polisi nao hawapati mfululizo wa matukio ambao ungewafanya watazame mara mbili.

Lalamiko likivuka hapo linaingia mikononi mwa mwendesha mashtaka, na hapa ndipo penye mamlaka makubwa kuliko watu wengi wanavyofahamu. Mwendesha mashtaka huamua kama kutakuwa na mashtaka, yatakuwa mashtaka gani, na kama atakubaliana na mshtakiwa akiri kosa dogo ili kubwa liachwe. Katika nchi nyingi uamuzi huo hufanyika ofisini, hauandikiwi sababu kwa umma, na ni vigumu sana kuupinga.

Mkataba wa Jeffrey Epstein, tajiri wa Kimarekani, ndio mfano ninaourudia kila ninapoulizwa kwa nini jambo hili lina uzito. Mwaka 2007 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani katika Florida walikuwa na rasimu ya hati ya mashtaka yenye kurasa 53 kuhusu vitendo vyake dhidi ya wasichana wadogo. Badala ya kuifikisha mahakamani, waliingia naye makubaliano ya kutomshtaki kwa sharti kwamba akiri makosa mawili chini ya sheria za jimbo. Juni 2008 alihukumiwa miezi 18, akatumikia takriban 13, na katika sehemu kubwa ya muda huo aliruhusiwa kutoka jela kwenda ofisini kwake hadi saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Wasichana waliohusika hawakuambiwa kwamba makubaliano hayo yapo.

Yaliyofuata baada ya habari hiyo kufufuliwa ndiyo yanayofundisha zaidi. Februari 2019, katika shauri lililofunguliwa na waathirika, jaji wa serikali kuu aliamua kwamba waendesha mashtaka walivunja haki za waathirika kwa kuwaficha. Novemba 2020 ofisi ya maadili ya Wizara ya Sheria ilimaliza uchunguzi wake na kusema kwamba Alexander Acosta, aliyekuwa mkuu wa waendesha mashtaka hao, alionyesha upungufu wa busara, lakini hakutenda kosa la kitaaluma. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba sheria ya haki za waathirika haiwaruhusu kufungua shauri kama lile iwapo mashtaka ya jinai hayakuwahi kufunguliwa. Kwa maneno mengine, mpango ambao karibu kila aliyeusoma aliuona ni aibu ulipita katika pengo ambalo sheria yenyewe ililiacha wazi, na pengo hilo liko mahali hasa ambapo mwenye nguvu anaweza kujadiliana na mnyonge hana hata habari kwamba mjadala unaendelea.

Hatua inayofuata ni dhamana, na hapa tofauti hupimika kwa tarakimu. Mei 2010 kijana wa miaka 16 anayeitwa Kalief Browder alikamatwa katika mtaa wa Bronx, jijini New York, akituhumiwa kuiba mkoba wa mgongoni. Hakimu aliweka dhamana ya dola 3,000, na familia yake haikuwa nazo. Baadaye dhamana yenyewe ikafutwa, kwa kuwa alikuwa bado katika kifungo cha nje cha shauri la awali. Alikaa mahabusu katika kisiwa cha Rikers kwa takriban miaka 3, karibu 2 kati ya hiyo akiwa peke yake katika seli ya kutengwa, akikataa kila alipoambiwa akiri kosa ili aende nyumbani, kwa sababu alisema hakuiba. Mwaka 2013 mashtaka yalifutwa bila kesi kusikilizwa. Juni 2015 alijiua, akiwa na umri wa miaka 22. Katika jiji hilo hilo, tarehe 25 Mei 2018, Weinstein alijisalimisha polisi asubuhi kwa tuhuma za ubakaji, akalipa dola milioni 1 taslimu kwa hundi ya benki, akavishwa kifaa cha kufuatilia mienendo yake, na akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sisemi kwamba Weinstein hakustahili dhamana. Mtu yeyote huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike, na sheria inayomruhusu mshtakiwa asubiri kesi akiwa nyumbani ni sheria njema. Kasoro ni kwamba sheria hiyo hiyo, iliyoandikwa kwa maneno yale yale, ilimpa mmoja nafasi ya kuandaa utetezi wake akiwa na mawakili sebuleni, na ikamfanya mwingine atumikie adhabu ya kosa ambalo halikuthibitishwa kamwe. Isitoshe, mahabusu hubadili hata matokeo ya mwisho. Aliye ndani ana sababu kubwa ya kukiri kosa ambalo hakulitenda iwapo kukiri ndiko kutakakomtoa, na mtu aliye nje hana shinikizo hilo.

Ndipo tunapofika katika kesi yenyewe, ambayo ndiyo watu huifuata kwenye televisheni. Hapa naomba msomaji awe mwangalifu, kwa sababu sehemu kubwa ya kile kinachoitwa upendeleo mahakamani ni haki ambayo kila mtu ameahidiwa. Katika kesi ya Simpson, mawakili Barry Scheck na Peter Neufeld waliyachambua matone ya damu moja baada ya jingine, wakahoji jinsi yalivyookotwa, yalivyohifadhiwa na yalivyosafirishwa hadi maabara. Wawili hao walikuwa wameanzisha mwaka 1992 mradi wa kuwatetea wafungwa waliotiwa hatiani kimakosa, na ukali ule ule wa kuhoji ushahidi wa polisi umewatoa gerezani watu maskini ambao hakuna aliyewahi kusikia majina yao. Hakuna ubaya wowote kwa mshtakiwa kupata utetezi wa namna ile. Ubaya ni kwamba mshtakiwa asiye na fedha, mwenye wakili wa serikali aliyekutana naye dakika chache kabla ya kuingia mahakamani, ana haki hiyo hiyo kwenye karatasi na hana njia ya kuitumia.

Mfano mdogo unaonyesha jambo hili vizuri kuliko kesi kubwa. Januari 2018 mwanasoka David Beckham alinaswa London akiendesha gari kwa maili 59 kwa saa mahali penye kikomo cha maili 40. Sheria ya Uingereza inataka taarifa ya kusudio la kushtaki imfikie mwenye gari aliyeandikishwa ndani ya siku 14. Wakili wake, Nick Freeman, ambaye amejijengea jina kwa kuwatetea madereva mashuhuri, alithibitisha kwamba taarifa ilichelewa kwa siku moja, na Septemba mwaka huo shtaka likaanguka. Kanuni ya siku 14 inamlinda dereva wa teksi sawasawa na inavyomlinda Beckham. Lakini dereva wa teksi akipokea barua ile hataifikiria tarehe ya muhuri wa posta. Atalipa faini, kwa sababu kumlipa wakili wa kuikagua barua kungemgharimu kuliko faini yenyewe.

Kuhusu adhabu, picha inakuwa na mikunjo mingi zaidi, na hapa ndipo simulizi rahisi ya kwamba wenye majina hupendelewa siku zote inapoanza kuchanika. Fedha bado zina kazi. Mchezaji wa Brazil Dani Alves alipotiwa hatiani kwa ubakaji mjini Barcelona Februari 2024, mahakama ilimpa miaka 4 na nusu, na katika kupanga adhabu ilizingatia kwamba alikuwa ameweka mahakamani euro 150,000 kwa ajili ya mlalamikaji kabla ya kesi. Sheria ya Hispania inakutambua kufidia madhara kuwa sababu ya kupunguza adhabu, bila kujali nani analipa, lakini ni dhahiri kwamba si kila mshtakiwa anayeweza kulipa. (Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya Catalonia iliufuta uamuzi wa kumtia hatiani kwa kuona ushahidi haukutosha, jambo ambalo halibadili hoja kuhusu jinsi adhabu ile ilivyopangwa.)

Afrika Kusini ilitoa somo la aina nyingine. Oscar Pistorius, mkimbiaji mwenye miguu ya bandia aliyempiga risasi Reeva Steenkamp tarehe 14 Februari 2013, alipewa kwanza miaka 5 kwa kuua bila kukusudia. Waendesha mashtaka walikata rufaa, na Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ikasema kwamba lile lilikuwa kosa la kuua kwa kukusudia. Jaji wa kwanza aliporudishiwa shauri apange adhabu upya alitoa miaka 6, ingawa kiwango cha chini kinachotajwa na sheria ni miaka 15 pasipokuwa na sababu za kipekee. Waendesha mashtaka wakarudi tena kwenye rufaa, na Novemba 2017 adhabu ikapandishwa hadi miaka 13 na miezi 5, mahakama ikisema kwamba ile ya awali ilikuwa nyepesi kiasi cha kulidogosha kosa. Watu wengi hukumbuka miaka 5 ya mwanzo na kulia kwamba mashuhuri amependelewa. Mimi naona jambo la maana zaidi ni kwamba hukumu ilisomwa mahali pa wazi, ikiwa na sababu zilizoandikwa, na upande wa mashtaka ulikuwa na haki ya kuipinga. Uamuzi wa Florida haukuwa na lolote kati ya hayo.

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na umaarufu nao una meno ya pande zote mbili. Mwaka 2007 Paris Hilton, mrithi wa familia ya wenye mahoteli na nyota wa televisheni, alihukumiwa siku 45 katika jela ya kaunti ya Los Angeles kwa kukiuka masharti ya kifungo cha nje, baada ya kuendesha gari huku leseni yake imesimamishwa. Baada ya siku chache mkuu wa jela za kaunti, Lee Baca, alimruhusu akamalizie kifungo nyumbani kwa sababu za kiafya. Kelele zilikuwa kubwa, na hakimu akamrudisha ndani. Gazeti la Los Angeles Times lilipozichambua kumbukumbu za jela na kuyalinganisha mashauri 1,500 yanayofanana na lake, liligundua kwamba karibu asilimia 60 ya wafungwa wa namna hiyo walikuwa wakiachiwa ndani ya siku 4, kwa kuwa jela zilikuwa zimefurika. Kwa hesabu ya gazeti hilo, kumrudisha kulimfanya akae ndani kuliko takriban asilimia 80 ya watu waliokuwa katika hali kama yake. Umati uliodhani unadai usawa ulikuwa unadai adhabu kali kuliko ya kawaida. Miezi michache baadaye, katika kaunti hiyo hiyo, mwigizaji Lindsay Lohan alitumikia kifungo cha siku moja kwa dakika 84, na hiyo pia ilitokana na msongamano. Bila kumbukumbu za wafungwa wasiojulikana, hakuna mtu anayeweza kusema ni yupi kati ya hao wawili aliyependelewa.

Mwigizaji Wesley Snipes naye alipatikana na hatia mwaka 2008 ya makosa matatu madogo ya kutowasilisha taarifa za kodi, baada ya kuachiwa kwa mashtaka mazito zaidi. Waendesha mashtaka waliiambia mahakama waziwazi kwamba jina lake ni fursa ya kuwatisha wakwepa kodi nchi nzima, na akapewa kiwango cha juu kabisa, miaka 3. Kumwadhibu mtu zaidi kwa sababu habari zake zitasomwa na wengi ni kumtumia kama bango, na siwezi kuona tofauti ya msingi kati ya jambo hilo na kumwadhibu kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Yupo pia anayeumia bila hata kushtakiwa. Agosti 2014 polisi walipekua nyumba ya mwimbaji Cliff Richard huku helikopta ya shirika la utangazaji la BBC ikirusha picha moja kwa moja. Hakuwahi kukamatwa wala kushtakiwa, na mwaka 2018 mahakama iliamuru shirika hilo limlipe fidia ya pauni 210,000 kwa kuvunja faragha yake.

Ndiyo sababu siungi mkono wito wa kuwanyang'anya watu mashuhuri haki walizonazo ili walingane na maskini. Kazi iliyopo ni kupandisha sakafu aliyosimama maskini, na mahali pa kuanzia ni hatua za mapema. Kwa upande wa fedha, njia zipo na zimejaribiwa. Finland imekuwa ikitoza faini kwa kufuata kipato tangu mwaka 1921, na mwaka 2023 mfanyabiashara mmoja tajiri wa huko alitozwa euro 121,000 kwa kuzidisha mwendo kwa kilomita 32 kwa saa. Jimbo la Illinois nchini Marekani liliondoa kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023, hivyo hakimu sasa hupima kama mshtakiwa ni hatari au atatoroka, na kina cha mfuko wake hakiulizwi. Hatua hizo zinagusa utajiri. Haziligusi jina, kwa sababu mtangazaji anayependwa na taifa hahitaji fedha ili lalamiko dhidi yake lipuuzwe.

Kwa upande wa jina, hatua ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote ni ile ya Uingereza ya Juni 2013, iliyompa mwathirika haki ya kuomba uamuzi wa kutomshtaki mtuhumiwa utazamwe upya na mtu mwingine asiyehusika na uamuzi wa kwanza. Haki hiyo inaingia mahali hasa ambapo waathirika wa Florida walikuta hawana pa kushika. Ina mpaka wake, nao ni mkubwa: inahitaji kwanza uamuzi uwepo, umefanywa na mtu mwenye jina na cheo, na mwathirika awe ameujua. Lalamiko ambalo askari alilisikia mlangoni na kuondoka bila kuliandika halina uamuzi wa kutazamwa upya, na lalamiko lililoandikwa katika kituo kimoja bila kuunganishwa na linalofanana nalo katika kituo cha pili litaonekana dogo kila mara linapotazamwa. Kwa hiyo haki hiyo itakuwa na nguvu pale tu ambapo kila wito wa polisi unapewa namba, unaandikiwa sababu ya kuchukuliwa au kutochukuliwa hatua, na unaweza kupatikana na mpelelezi wa wilaya nyingine anayelitafuta jina lile lile. Walalamikaji nao wanapaswa kuambiwa kwamba wapo wengine, hata kama hawatatajiwa majina yao.